Shajara ya mabaraza ya uchaguzi: Mombasa, Januari hadi Septemba 2022

Sisi ni watu wanne katika taasisi ndogo ya utafiti wa sera hapa Mombasa. Miaka yote tumekuwa tukiandika ripoti zinazosomwa na watu wa ofisi kama yetu. Mwaka huu tumepata shilingi 720,000 za kufanya mabaraza manane ya wazi kuhusu siasa, vyombo vya habari na uchaguzi. Nitaongeza maandishi hapa kila hatua ikimalizika, pamoja na gharama, ili anayetaka kufanya hivi Malindi, Kisumu au Nakuru asilipie makosa ambayo sisi tumekwisha kuyalipia.

17 Januari: Mpango

Leo tume ya uchaguzi, IEBC, imefungua awamu ya pili ya kuandikisha wapiga kura kwa wingi, nasi tumekaa kupanga. Mabaraza manane, 90,000 kila moja, Jumamosi moja kila mwezi kuanzia Februari hadi Septemba. Mada: hali ya vyama, pesa za kampeni, maneno ya chuki, redio, kura za maoni, midahalo, matokeo, kesi. Siku ya kura ni Jumanne, 9 Agosti.

Wenzangu wanataka tuanzie hotelini "ili tuonekane". Sikupinga. Naliandika hapa mapema kwa sababu najijua: baadaye nitadai nilipinga.

26 Februari: Baraza la kwanza, hoteli moja ya Nyali

Limefeli. Hakukuwa na fujo wala makelele. Limefeli kwa adabu kabisa, watu wakipiga makofi.

Jopo lilikuwa na mhadhiri, mwanahabari mkongwe, wakili na mwanasiasa. Kila mmoja alipewa dakika 15. Mhadhiri alitumia 35. Mwanasiasa alifika baraza limeshaendelea saa nzima na zaidi, akapiga hotuba ya kampeni, akapigwa picha, akaondoka kabla ya swali la kwanza. Maswali yakabakiwa na dakika 12. Kijana mmoja aliyepanda matatu mbili kutoka Mtopanga akasimama akauliza: "Nikishapiga kura yangu pale Mtopanga, inafikaje Bomas?" Bomas ni ukumbi wa Nairobi ambako kura za urais zingejumlishwa. Alijibiwa na watu watatu kwa zamu. Mmoja alianza na katiba ya 1963. Kijana akaketi vile vile alivyosimama.

Tulilipia watu 70, wakaja 61. Usiku nimeipitia orodha jina kwa jina: 43 ni watu wa mashirika, yaani sisi kwa sisi. Kamera hazikuja hata moja, maana siku hiyo hiyo chama tawala cha Jubilee kilikuwa na mkutano wake wa wajumbe Nairobi na kila chumba cha habari kilikuwa na macho huko. Tarehe ya mkutano ule ilijulikana, hatukuiangalia.

Gharama: ukumbi na chakula 126,000, nauli za wanajopo 24,000, bango 8,500, picha na video 20,000, mengineyo 8,900. Jumla 187,400. Zaidi ya mara mbili ya bajeti, na video imetazamwa na watu 37, nikiwemo mimi.

Tumeamua matatu. Hoteli basi. Mwanasiasa anakaribishwa kuketi na kuuliza kama mtu mwingine, jukwaani hapandi. Na baraza linaanza kwa maswali: dakika 20 za kwanza ni za waliohudhuria, yanaandikwa ubaoni, na mzungumzaji anajibu yale yaliyoandikwa.

19 Machi: Baraza la pili, Majengo (pesa za kampeni)

Ukumbi wa mtaa, Sh 6,000 siku nzima, viti vya plastiki 2,500, spika mbili na maikrofoni 7,000. Kwa wanaofuata nyayo: sheria ya utulivu wa umma inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa ya mkutano si chini ya siku tatu kabla, na si zaidi ya siku 14. Peleka nakala mbili, zote zipigwe muhuri, moja urudi nayo. Nakala isiyo na muhuri haitakusaidia kitu askari akisimama mlangoni, na alisimama.

Maswali kwanza yalifanya kazi mno. Tulipata 31 kwa dakika 20, na mzungumzaji wetu, aliyekuwa na slaidi 40, alizifunga akafuata ubao. Makosa yalikuwa mengine.

La kwanza ni saa. Tuliandika saa nane mchana. Watu wakaingia saa tisa, na ilipokaribia saa kumi kukaadhiniwa alasiri. Nusu ya ukumbi ikatoka kuswali, na waliorudi ni wachache. Mtu aliyezaliwa Mombasa kupanga baraza linalokatwa na alasiri ni aibu ambayo mamangu hajaacha kunikumbusha. Kuanzia sasa: saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili. Tunamaliza kabla ya magharibi, na sheria yenyewe haitaki mkutano upite saa kumi na mbili.

La pili ni karatasi ya mahudhurio. Mwisho wa baraza foleni ilijipanga mbele ya meza yetu. Sikuelewa, hadi mama mmoja aliyembeba mjukuu mgongoni aliponiambia taratibu: "Mwanangu, nimetia sahihi. Hiyo sahihi ilikuwa ya nini?" Katika mikutano ya mashirika hapa mjini sahihi ni nauli. Hatukuwa tumesema kuna nauli, lakini pia hatukusema hakuna. Tulitoa Sh 200 kwa watu 84, jumla 16,800, zilizokuwa za baraza la mbele.

Suluhisho: hakuna tena karatasi ya sahihi. Mwaliko unasema wazi "hakuna nauli, kuna chai na mahamri". Mfadhili anataka idadi, basi tunahesabu vikombe. Nimemwandikia hivyo, naye amekubali.

Jumla 64,300.

16 Aprili: Baraza la tatu, Mji wa Kale (maneno)

Ramadhani. Tulikutana baada ya tarawehe, saa nne kasoro usiku, ndani ya ua wa nyumba ya mtu, kwa mwaliko. Kahawa chungu, tende, kashata.

Mzungumzaji alikuwa atoke Malindi. Mafuta yamekuwa haba nchi nzima wiki hizi, akakaa kwenye foleni ya petroli hadi akakata tamaa. Tukampigia simu, tukaisogeza kwenye maikrofoni, spika zikapiga yowe lililoamsha mtaa. Dakika tano za hayo zilitosha. Tukamshukuru, tukakata simu, tukabaki na karatasi moja: orodha ya maneno ambayo tume ya uwiano, NCIC, imetoa mwezi huu ikionya kuwa yanachochea. "Madoadoa", yaani watu wa kabila jingine wakiitwa madoa, yamo. "Wabara waende kwao" imo.

Hapo ndipo baraza lilipoanza hasa. Mzee mmoja alisema haoni kosa: "Mbara ni mtu wa bara, kama mimi ni mtu wa pwani. Tusi liko wapi?" Wengi wakaitikia. Akainuka mama muuza mboga, Mkamba, ana duka mtaa wa pili.

"Mzee wangu, neno lenyewe halina kitu. Mimi huitwa Mama Bara na watoto wa hapa na naitika. Lakini Agosti 1997 nilikuwa Likoni."

Hakueleza zaidi. Kila aliyekuwa na umri wa kukumbuka alikumbuka: kituo cha polisi kuvamiwa, karatasi za kuwataka watu wa bara wahame, wafu waliopita mia, na uchaguzi ukiwa miezi michache mbele. Yule mzee alikaa kimya, kisha akamwambia kijana aliye karibu na birika, "Mmiminie mama kahawa." Mjadala ukaendelea hadi saa sita kasoro, nasi hatukuwa na mzungumzaji.

Kosa letu usiku ule: hatukurekodi. Kifaa kilikuwa na yule wa Malindi.

Jumla 58,900. Kubwa ndani yake ni spika tulizokodi, ambazo kwa ua ule hazikuhitajika. Watu 40 wanasikizana kwa mdomo.

21 Mei: Baraza la nne, Changamwe (redio na televisheni)

Wiki nzima mji umezungumza wagombea wenza, Gachagua na Karua, kwa hiyo watu walikuja wameshapata moto. Mada yetu ilikuwa ya nyuma kidogo: amri ya serikali ya 30 Desemba 2007 ya kusimamisha matangazo ya moja kwa moja, na 30 Januari 2018, pale televisheni za Citizen, NTV na KTN zilipozimwa siku Raila Odinga wa upinzani alipojiapisha bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Vijana wa miaka 20 hawakujua kabisa habari ya 2007. Hilo tulipaswa kulitarajia. Mwaka ule walikuwa watoto wa miaka mitano.

Nafasi ya ukurasa huu naiachia bahasha, yaani pesa anazopewa mwandishi ili aje aripoti. Waandishi watano walikuja. Walipojua hakuna bahasha, wawili waliondoka na mmoja akabaki kwa hasira. Nilikuwa tayari kuandika hapa maneno makali kuhusu maadili, lakini yule aliyebaki alinivuta pembeni akanionyesha kwenye simu malipo yake ya habari moja. Hayalipi matatu ya kwenda na kurudi na chakula cha mchana. Siitetei bahasha. Nasema tu kwamba aliyekaa ofisini na mshahara wa mwezi, kama mimi, asiianze hotuba hiyo kabla ya kuiona simu ile.

Tulichofanya: tumenunua kinasa sauti cha Sh 18,000. Kila baraza likiisha, saa tatu usiku tunatuma kwa redio zote za mji vipande viwili vya sauti safi, dakika mbili mbili, Kiswahili, na jina la anayesema. Mtangazaji hahitaji kuja. Mara ya kwanza redio mbili zilivitumia asubuhi yake, bure.

Jumla 71,500.

25 Juni: Baraza la tano, Kongowea (kura za maoni)

Hili ndilo ningependa liigwe.

Tatizo: kila wiki kuna kura mpya ya maoni, na ukumbini kila mtu anaamini ile inayompa mtu wake ushindi. Mtaalamu tuliyemleta kwa treni ya SGR (Sh 1,000 kuja, 1,000 kurudi) alikuwa na mchoro mzuri wa kueleza kiwango cha makosa. Projekta ikagoma. Nilikuwa na hofu ya jambo hilo tangu asubuhi, kwa hiyo nilikuwa na sufuria.

Sufuria kubwa ya pilau, kilo tano za maharagwe: mekundu 55 katika kila mia, meupe 45. Tuliyahesabu kwa vikombe usiku wa kuamkia, wanetu wakisaidia na kuchoka. Baraza halikuambiwa hesabu hiyo. Kazi ya kila mtu: chota finjani moja, hesabu punje 100, taja nyekundu ngapi.

Mzee wa kwanza alichota akahesabu kwa makini, akatangaza: tisa. Tisa katika mia! Ukumbi ukacheka, mimi nikaingiwa na baridi. Kumbe meupe niliyamimina mwisho na sikukoroga. Mtaalamu wetu alikuwa mwepesi kuliko mimi. "Huyu," akasema, "ndiye aliyekwenda kuwauliza watu wa Nyali peke yao." Hakuna slaidi ingefundisha vile. Tangu hapo kutokoroga ni sehemu ya zoezi, tunalifanya makusudi.

Tukakoroga. Wakachota watu kumi. Mekundu yalitoka kuanzia 47 hadi 62. Finjani mbili zilionyesha meupe yanaongoza, na waliochota walikuwa tayari kula yamini kwamba wamehesabu sawa. Walikuwa wamehesabu sawa. Dada mmoja wa sokoni akauliza swali ambalo tulikuwa tumelipanga liwe la mwisho: "Sasa kama gazeti litaandika finjani moja tu, ile linayoipenda?"

Hapo tukaingia kwenye sheria ya 2012, inayomtaka anayechapisha kura ya maoni aseme nani ameilipia, wangapi wameulizwa, lini na kwa njia gani, na inayozuia kuchapisha siku tano za mwisho kabla ya kura. Tukagawa magazeti ya wiki hiyo, watu wakatafuta maelezo hayo kwa kalamu nyekundu. Wengine waliyapata kwenye maandishi madogo chini kabisa. Wengine hawakuyapata.

Jumla 49,750. Maharagwe Sh 800.

27 Julai: Baraza la sita, Likoni (mdahalo wa urais)

Tuliutazama jana usiku kwa skrini kubwa ndani ya ua wa mwenyeji wetu. Skrini, projekta (nyingine), jenereta, walinzi wawili. Tulichapisha kadi 300 za alama zenye safu mbili kwa kila awamu, ili mtazamaji amlinganishe mgombea na mwenzake: nani amejibu swali, nani amekwepa, nani ametaja namba.

Awamu ya kwanza mgombea Wajackoyah alisusa, mwenzake Mwaure akasimama peke yake. Awamu ya pili Raila hakuja, Ruto akasimama peke yake. Kadi 300 zenye safu mbili, na usiku kucha hakuna aliyekuwa na mwenzake jukwaani. Msemaji wa maskani moja ya hapa alichukua kadi yake, akaandika kwenye safu tupu "Kiti: alama 10, hakukatiza mtu", akanipa. Nimeihifadhi.

Kufikia saa tatu na nusu nusu ya watu walishaondoka. Waliobaki walizungumza unga, uliopanda hadi kupita mia mbili pakiti ya kilo mbili na sasa umetangazwa wa mia, nao madukani hauonekani. Mazungumzo hayo yalikuwa bora kuliko kadi.

Marekebisho: usichapishe chochote kinachotegemea mwanasiasa atimize ahadi ya kufika. Kadi moja tupu ingetosha. Jumla 112,600, baraza ghali la pili, na lenye mavuno haba kabisa.

8 Agosti, saa nne usiku: Karatasi sita

Wiki iliyopita tulichapisha vipeperushi 4,000 (Sh 7 kila kimoja, 28,000): "Utapewa karatasi sita", na rangi zake, nyeupe ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, na kadhalika. Tumeshagawa kama 3,100.

Leo tume imeahirisha kura ya ugavana hapa Mombasa na Kakamega. Karatasi zimekuja na picha na maelezo yasiyo ya wagombea wa hapa. Kesho ni karatasi tano.

Tumekaa na kalamu za wino mzito tunakata mstari wa buluu kwenye 900 zilizobaki. Nimerekodi sauti ya sekunde 40 na kuituma kwenye makundi yote ya WhatsApp ninayoyajua, likiwemo la harusi ya binamu.

9 Agosti

Haikutosha. Kituo kimoja mama alikataa kutoka, kipeperushi chetu mkononi, akidai ameibiwa karatasi ya buluu. Wakala mmoja akaanza kupaza sauti kumuunga mkono. Mwenzangu alifika kwa bodaboda kueleza kuwa karatasi ni yetu na imepitwa. Mama akamtazama juu hadi chini: "Basi nyinyi ndio mlionidanganya." Hakuwa na jibu, na mimi sina.

Mara nyingine tutachapisha 500, zenye nafasi wazi chini ya kupiga mhuri wa mabadiliko, na nyingine kadiri zinavyohitajika.

13 Agosti: Baraza la saba, Kisauni (fomu 34A)

Siku nne za kusubiri Bomas. Tangu Jumatano televisheni zimekuwa zikijumlisha kila moja kivyake, na ukibadilisha chaneli anayeongoza naye anabadilika. Kisha moja baada ya nyingine zikapunguza kasi na kunyamaza, na kimya hicho kikaleta uvumi kuliko namba zenyewe. Sababu ni ya kawaida: fomu zilikuwa wazi kwenye tovuti ya tume, za vituo zaidi ya 46,000, na kila chumba cha habari kilikuwa kikizisoma kwa mpangilio wake. Ukianza na ngome ya huyu, huyu ataongoza. Watu wa sufuria walielewa bila maelezo: hawajakoroga.

Tulitaka kufanya lile lililoulizwa Februari. Tulichukua shule moja ya msingi yenye vituo 11, tukapakua fomu 34A zake zote, yaani zile za matokeo ya urais ya kila kituo, tukazichapa kubwa, tukazibandika ukutani. Makundi matatu yajumlishe, tulinganishe.

Majumlisho matatu, majibu matatu. Makelele. Mtu wa nyuma akasema, "Mmeona? Hata nyinyi mnaiba." Jasho lilinitoka kweli kweli.

Mwalimu mmoja mstaafu aliomba nafasi. Alivaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia karatasi, akaweka kidole kwenye fomu ya saba. Kundi moja lilisoma 173. Alisema ni 113: msimamizi huyu moja yake ina kofia, tazameni alivyoandika tarehe. Kisha akashusha kidole hadi chini, kwenye mstari wa jumla ya kura halali, akajumlisha wagombea wote wanne kwa sauti. Kwa 113 inatimia. Kwa 173 inazidi 60. Kundi la pili lilikuwa limeingiza na kura zilizokataliwa kwenye jumla. Baada ya nusu saa majibu matatu yakawa moja.

Utaratibu wetu sasa, kwa anayeiga: mmoja asome kwa sauti, wa pili aandike, wa tatu ajumlishe safu na kulinganisha na mstari wa kura halali kabla ya kwenda fomu inayofuata. Angalia sahihi za mawakala. Angalia jumla haizidi walioandikishwa, na kwamba walioandikishwa hawazidi 700, maana kituo hakiruhusiwi zaidi ya hapo. Wino ukififia, andika "haisomeki", usibahatishe.

Kijana wa Mtopanga alikuwepo. Alipiga picha fomu ya kituo chake ukutani, akafungua tovuti akailinganisha, akaeleza jirani yake: nakala ya hii inabandikwa kituoni, picha yake inatumwa, ya eneo bunge ni 34B, ya taifa ni 34C. Hakuniuliza mimi chochote.

Jumla 36,200, nyingi zikiwa za uchapaji na bando.

20 Agosti: Baraza la nane, Majengo (100.01)

Jumatatu Chebukati, mwenyekiti wa tume, alimtangaza Ruto kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila. Makamishna wanne wa tume wakakana matokeo, na siku iliyofuata wakasema asilimia zinajumlika 100.01, na kwamba ile 0.01 ni kura kama 142,000.

Mada hii hatukuwa tumeipanga. Tulikodi ubao na chaki. Nikaandika kura za wagombea wanne, tukajumlisha: milioni 14.2 na kidogo. Nikamwita mtoto wa kidato cha tatu atafute asilimia moja: 142,000. Sasa sehemu ya mia ya hiyo: 1,420. Kimya. "Kwa hiyo wameongeza sufuri mbili," akasema. Na hiyo 0.01 yenyewe? Tukagawanya kila mmoja hadi tarakimu tatu: 50.489, 48.849, 0.436, 0.225. Zote nne zikikadiriwa zinapanda juu kidogo. 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Jumlisha.

Hapa nilikosea kwa ulimi. Nilisema, "Kwa hiyo hakuna tatizo." Nusu ya ukumbi ilinikatia tamaa palepale, na walikuwa na haki. Hesabu ya asilimia haina tatizo. Kama uchaguzi wote ulikuwa safi ni swali jingine, lililokuwa linaelekea Mahakama ya Juu. Mzee mmoja alinisahihisha vizuri: "Umetuonyesha mkia wa ng'ombe, usituambie umemkagua ng'ombe." Niliomba radhi kwa maikrofoni. Baada ya hapo wakanisikiza.

Jumla 22,850.

3 Septemba: Baraza la tisa, Mvita (gavana)

Baraza la nyongeza, kwa kuwa kura ya ugavana ilisogezwa hadi tarehe 23, kisha tena hadi 29 Agosti. Abdulswamad Nassir ameshinda. Swali lililotawala ni kwa nini watu hawakutokea, wala si kwenye kura hii iliyoahirishwa peke yake. Hata tarehe 9 zaidi ya nusu ya walioandikishwa Mombasa walibaki nyumbani. Majibu ya ubaoni: nauli ya kurudi kule nilikojiandikisha, ajira, "wote ni wale wale", na moja niliyoinakili kama ilivyoandikwa, "nililala." Watu 52 kwa vikombe. Jumla 19,400.

12 Septemba: Hesabu za mwisho

Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi tarehe 5, majaji wote kwa kauli moja, na ukaguzi iliouagiza haukukuta tofauti za maana kati ya fomu za tovuti na zile za asili. Fomu zetu 11 za ukutani tumezikunja tukazihifadhi.

Mabaraza tisa badala ya manane, pamoja na vipeperushi: 650,900. Zimebaki 69,100. Baraza la kwanza peke yake lilikula zaidi ya robo ya zote tulizotumia. Ukilitoa hilo na la skrini, yaliyobaki saba ni wastani wa kama 46,000, na hiyo ndiyo namba ningempa anayeomba bajeti.

Mfadhili anauliza kama tunaweza kufunga mwaka kwa "kongamano la tathmini" hotelini. Tumemjibu kwamba tungependa kutumia salio kwa mabaraza mawili ya kusoma fomu, Jomvu na Changamwe, Oktoba. Mwalimu mstaafu amekubali kuongoza, kwa sharti moja: fomu zichapwe kubwa zaidi.

Kinasa sauti, ubao na kadi 287 za mdahalo zipo ofisini kwa anayetaka kuazima. Sufuria ni ya mamangu, imesharudi.